Tangazo la damu lisilo na tarehe

Mwaka wangu wa pili wa kujitolea kwenye kampeni za uchangiaji damu hapa Dar es Salaam, niliandika tangazo saa nane usiku, macho yamejaa usingizi: "Jamani, mgonjwa anahitaji damu O negative haraka sana, piga namba hii." Namba ilikuwa ya shemeji yake. Kufika asubuhi limeshafika Mwanza na Mombasa. Damu ilipatikana siku ileile. Mgonjwa alifariki wiki iliyofuata, na simu za watu wema ziliendelea kuingia kwa shemeji mtu hadi msibani.

Tangu hapo, mtu akiniletea tangazo nilirushe, naangalia tarehe kwanza. Ujumbe wa WhatsApp ukishafowadiwa mara mbili tatu hauna mwenyewe tena. Huwezi kuzunguka simu za watu ukiufuta. Kinachoweza kuusimamisha ni maneno yaliyomo humohumo. Siku hizi tunaandika hivi:

"Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, viwanja vya Mbagala Zakhem. Daladala za Rangi Tatu zinapita. Kundi lolote la damu. Uwe na miaka 18 au zaidi, kilo 50 au zaidi, na uwe umekula. Baada ya siku hiyo usisambaze."

Hilo la "kundi lolote" limetugharimu kujifunza. Ukitaja O negative peke yake, karibu kila anayesoma anajitoa, maana kwetu kundi hilo ni adimu na wengi hata hawajui la kwao. Wakati wodini wanaohitaji O positive ndio wengi, na chupa yoyote inayotoka kwenye jokofu inabidi irudishiwe nyingine.

Picha ya mgonjwa kitandani siweki, hata ndugu wakinibembeleza. Kwanza ni utu wake. Pili, tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu si za kuchezea. Mabango nayo, yale yenye nembo sita za wafadhili na maandishi kama mchwa, nimeyapunguza: mwenye bando dogo hayafungui kabisa. Maandishi matupu yanasomeka kwenye simu yoyote.

Laiki hazijazi chupa. Kwenye meza ya usajili tulianza kumuuliza kila anayefika, "Umejuaje?" Wachache sana walitaja ukurasa wetu. Wengi walijibu, "Dada kanitumia," au "Kwenye grupu la kwaya." Basi nguvu tukaihamishia huko, kwa mtu mmojammoja anayeaminika kwenye grupu lake, kamati ya harusi ikiwemo.

Kuna jambo dogo lilinisumbua mwaka mzima. Tulikuwa na orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi (broadcast), ya kuwakumbusha wachangiaji warudi, wanaume baada ya miezi 3, wanawake baada ya miezi 4, na hakuna aliyekuwa anajibu. Nilidhani wametuchoka. Kumbe kwenye WhatsApp ujumbe wa orodha ya namna ile haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako! Sasa mchangiaji akiwa amekaa anakunywa soda na biskuti zake, simu iko mkononi, tunamwomba aihifadhi palepale. Dakika moja tu.

Na wale wanaoandika "damu zenyewe mnauza"? Tulikuwa tunafuta maoni yao, tukazidi kushukiwa. Siku hizi anajibu mtu wa maabara, kwa sauti yake mwenyewe, anaeleza mfuko unapimwa nini na unaenda wapi.

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kila taasisi inaposti na foleni zinakuwa ndefu. Sisi siku hiyo hatuhangaiki sana. Damu nzima hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, kwa hiyo ya Juni haimsaidii mgonjwa wa Desemba, na Desemba shule zimefungwa, wanafunzi ambao ni wachangiaji wakubwa wako likizo. Matangazo yetu mengi tunayabakiza kwa wiki hizo, tunawafuata wazazi wao kwenye magrupu ya safari za kwenda kwao kula Krismasi, kabla hawajapanda basi.