Kabla ya Kununua Sumu ya Panya, Kagua Chini ya Mlango

Swali tunaloulizwa zaidi kuhusu panya ni moja: sumu gani inaua haraka? Nasi hujibu kwa swali linalowaudhi wengi: chakula chako unakihifadhi kwenye nini, na chini ya mlango wa nyuma pana upenyo wa kiasi gani?

Hatuulizi ili kukwepa. Katika miaka ya 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, akiwamo David E. Davis, walifuatilia panya wa mitaa ya mji huo kwa miaka kadhaa. Waliona kwamba panya wakiuawa kwa wingi, mtaa hutulia kwa muda, kisha wachache waliosalia huzaana hadi idadi ikarudi palepale ilipokuwa. Kilichowapunguza wakabaki wachache ni kuondolewa kwa chakula na maficho. Kila nyumba basi ina kiwango chake cha panya inaowamudu. Ukiua kumi na pipa la taka likaendelea kulala wazi, umewaachia wengine kumi nafasi.

Uzazi wao ndio unaoifanya hesabu hiyo iwe ngumu. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba siku 19 hadi 21, huzaa watoto 5 hadi 8 hivi kwa mara moja, na anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kujifungua. Watoto hao hupevuka wakiwa na umri wa wiki 6 hivi. Anayeua panya mmoja kwa wiki kwa fimbo anajichosha bure.

Jambo la kwanza ni kujua unashindana na panya gani, maana tabia zao zinatofautiana. Wanaotusumbua majumbani ni hasa wa aina tatu. Yuko panya mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa gramu 15 hadi 25, ambaye kinyesi chake ni kidogo kama punje ya mchele na kimechongoka ncha. Yuko panya wa darini, mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko kiwiliwili na kichwa vikijumlishwa. Huyu ni mpandaji hodari na utamsikia juu ya dari usiku. Na yuko panya wa mitaroni, mzito, pua butu, mkia mfupi kuliko mwili, anayechimba mashimo kando ya misingi na kuogelea kwenye mabomba ya maji taka. Methali husema panya wengi hawachimbi shimo. Aliyeitunga hakuwa amekutana na huyu wa mitaroni.

Tofauti inayokuhusu zaidi wewe ni hii: panya mdogo ni mdadisi. Ukiweka kitu kipya jikoni atakuja kukinusa usiku huohuo. Panya wakubwa, yaani wa darini na wa mitaroni, ni waoga wa kitu kigeni. Wanaweza kupita mbali na mtego mpya kwa siku kadhaa. Uoga huo una sababu. Panya hawezi kutapika, hivyo akila kibaya hana njia ya kukirudisha. Kinga yake ni kuonja kidogo na kusubiri. Akiumwa tumbo, chakula kile hakigusi tena.

Sasa turudi kwenye chakula. Panya mdogo anatosheka na gramu 3 au 4 kwa siku. Makombo yaliyo chini ya jiko la gesi, chakula cha mbwa kilicholala kwenye sahani, mafuta yaliyogandia nyuma ya kabati: hiyo ni karamu ya familia nzima. Nafaka na unga viwekwe kwenye vyombo vya bati, kioo au plastiki nene yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa nailoni au gunia kwa panya ni kama karatasi. Vyombo vioshwe kabla ya kulala. Taka zisilale ndani, na pipa la nje liwe na mfuniko. Maji pia yana kazi yake, hasa kwa panya wakubwa ambao hunywa kila siku: kazeni bomba linalovuja chini ya sinki. Panya mdogo hatishiki sana na hilo, kwa kuwa huweza kuishi kwa unyevu uliomo ndani ya chakula chenyewe.

Halafu matundu. Panya mdogo hupenya kwenye upenyo wa milimita 6, yaani unene wa penseli hivi. Panya mkubwa anahitaji milimita 12 hivi tu. Kikipita kichwa, mwili utafuata. Chukua tochi na penseli uzunguke nyumba nje na ndani. Kagua chini ya milango, mahali mabomba na nyaya zinapoingilia ukutani, pembe za paa, matundu ya hewa, nyuma ya jiko. Alama ya njia yao ni mstari mweusi wenye mafuta ukutani, kwa sababu panya hutembea akijisugua kwenye ukuta na kuupapasa kwa masharubu.

Vifaa vya kuzibia ni saruji, bati na wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Tundu dogo kando ya bomba lijaze nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha pigia saruji juu. Povu la kuzibia lililo peke yake, matambara, mbao na plastiki nyembamba havimzuii. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, na kutafuna ndiko kunakoyapunguza. Ndiyo maana hutafuna hata nyaya za umeme, jambo linaloweza kuleta moto. Matawi yanayogusa paa yakatwe.

Baada ya hayo, tega. Mtego wa springi unaobana ndio tunaoupendekeza kwa nyumba nyingi: unaua papo hapo, mzoga unauona, na hauachi sumu. Wengi hushindwa kwa makosa yaleyale matatu. La kwanza ni kuweka mtego mmoja katikati ya chumba, mahali panya hapiti. Uweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta, ili panya anayekimbia pembeni aukanyage. La pili ni uchache. Tega mingi kwa pamoja. Kwa panya mdogo acha mita 2 hivi kati ya mtego na mtego, kwani mara nyingi hatoki zaidi ya mita 10 kutoka kwenye kiota chake. La tatu ni chambo kikubwa, anachoweza kukidokoa na kuondoka. Siagi ya karanga kiasi cha punje ya njegere inatosha, ipakwe ishike. Kwa panya wakubwa, weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku kadhaa mpaka waizoee na wale bila hofu. Kisha itege yote usiku mmoja.

Gundi ya panya hatuishauri. Mnyama hubaki hai akihangaika kwa saa nyingi, akikojoa na kunya palepale, na wewe ndiye utakayelazimika kummaliza. Uingereza, upande wa England, imepiga marufuku matumizi yake kwa watu wa kawaida tangu Julai 2024. Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuwafukuza kwa sauti tusizozisikia navyo vinauzwa sana. Panya huzizoea sauti hizo. Na paka? Paka akiondoka panya hutawala, ndivyo tunavyosema, lakini watafiti waliorekodi video kwenye kituo cha taka mjini New York kwa siku 79 waliona paka wakiua panya wakubwa wawili tu. Paka humudu panya wadogo. Wale wakubwa wakimwona hujificha zaidi, nawe ukadhani wameisha.

Sumu tumeiweka mwisho kwa makusudi. Sumu zinazouzwa kihalali nyingi ni zile za kuzuia damu kuganda, ukoo ulioanza na warfarini karibu na mwaka 1950. Ubora wake ni kufanya kazi polepole: panya hufa baada ya siku kadhaa, hivyo wenzake hawakihusishi kifo na chambo. Hata hivyo, kufikia 1958 tayari panya wasiodhurika nayo walikuwa wamegunduliwa Scotland, na za baadaye zikatengenezwa kali zaidi. Ukali huo unamfikia pia paka, mbwa au bundi anayemla panya aliyekula sumu. Nawe unaweza kubaki na mzoga ndani ya dari usioufikia, unanuka kwa wiki nzima au zaidi. Ukilazimika kuitumia, iweke ndani ya kisanduku kinachofungwa, watoto wasiweze kuifikia.

Usinunue kamwe chembechembe au unga wa sumu uliofungwa kwenye kipakiti kisicho na lebo. Mara nyingi ndani yake huwamo dawa kali za kilimo kama aldikabu, ambazo kiasi kidogo tu huua mtu. Mtoto akila sumu yoyote usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa kubahatisha. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipakiti chenyewe. Daktari akijua ni sumu ya kuzuia damu kuganda, dawa yake ipo, nayo ni vitamini K1. Kwa zinki fosfaidi, sumu nyingine ya panya ambayo hutoa gesi hatari ikikutana na asidi ya tumbo, hakuna dawa ya kuipoza, na dakika ndizo zinazookoa.

Kuna hali moja ambayo kuua panya haraka ni hatari: eneo lenye tauni. Tangu utafiti wa daktari Mfaransa Paul-Louis Simond mwaka 1898, tunajua kwamba ugonjwa huo husafirishwa na viroboto. Panya akifa, mwili unapoa, viroboto humhama na kutafuta damu nyingine, ikiwemo yako. Ukiona panya wengi wanakufa bila kutegwa, usiwaguse. Toa taarifa kituo cha afya. Katika maeneo hayo viroboto huuliwa kwanza, panya baadaye.

Mkojo wa panya nao hubeba vimelea vya homa ya mgunda (leptospirosisi), vinavyoingia kupitia michubuko, macho na mdomo. Kuhusu kung'atwa, husemwa kwamba panya huuma na kupuliza. Hapulizi, ila aliyelala fofofo hachelewi kung'atwa, hasa mtoto mwenye vidole vinavyonuka chakula. Mnawishe mikono kabla ya kulala. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha muone daktari.

Kinyesi chao usikifagie kikiwa kikavu, maana vumbi lake huweza kubeba virusi ukalivuta. Fungua madirisha kwa nusu saa ukiwa nje. Vaa glavu. Lowesha eneo kwa sehemu moja ya klorini ya kufulia katika sehemu tisa za maji, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, funga kwenye mifuko miwili na utupe. Mizoga iloweshwe hivyohivyo. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Ukimaliza, nyunyiza unga mwembamba kando ya kuta jioni na uangalie nyayo asubuhi. Rudia kwa wiki mbili. Zikionekana, fuata zinakoelekea: mwisho wake kuna tundu ambalo hukuliona.