Upasuaji wa urembo: wanaopinga, wanaotetea, na anayeshika kisu

Mgonjwa akishafunga mlango wa chumba changu, aghalabu haanzi na pua wala tumbo. Huanza kujitetea. "Daktari, najua watu watasema nimekosa la kufanya." Au, "Usinione mjinga." Wapo wanaonihesabia kabisa watoto waliowazaa, kana kwamba mimi ni hakimu na hiyo ndiyo itakayowapunguzia adhabu. Aliyeungua na maji ya moto hajawahi kuniomba radhi kwa kuja kutibiwa.

Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile katika hospitali ya kufundishia. Asubuhi nashughulika na makovu ya moto na midomo ya watoto iliyopasuka tangu kuzaliwa. Mchana nasikiliza watu wasio na ugonjwa wowote lakini wanataka kubadilika. Kitengo chetu cha elimu kwa umma kimeniomba nieleze ni upande gani una haki katika mabishano haya ya upasuaji wa urembo. Kwa kweli sioni kama swali lenyewe limekaa vizuri. Kwamba mtu mzima anaruhusiwa kujibadili umbo au haruhusiwi, watu watabishana hadi kiama. Linaloninyima usingizi mimi ni mambo mawili: kama amekubali huku anajua anachokubali, na kama aliyekubali ni yeye kweli.

Tuondoe kwanza utata wa jina. Neno "plastiki" katika upasuaji wa plastiki halina uhusiano na ndoo wala mifuko. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi anavyoufinyanga udongo. Kazi yenyewe ni ya zamani mno. Katika India ya kale, maandiko ya tabibu Sushruta yanaeleza namna ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa: unapima ukubwa kwa jani, unakata ngozi ya shavu kulingana na jani hilo, unaigeuza na kuishona mahali pake. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha mbinu ya kuazima ngozi ya mkono, na mgonjwa alikaa wiki kadhaa mkono umefungwa usoni akisubiri ngozi ishike. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu Uingereza askari wengi waliorudi kutoka vitani nyuso zimechanika. Vita ilipokwisha, huyohuyo Gillies alipokea pia watu ambao nyuso zao hazikuwa na jeraha lolote, walitaka tu kupendeza. Mshono ni uleule, sindano ni zilezile. Ndiyo maana sisi wa fani hii hatuwezi kujifanya urembo ni wa watu wengine.

Maoni ninayoyasikia zaidi ni haya: kama ni lazima, sawa, kama ni anasa, hapana. Yana mantiki, nami nilipokuwa mwanafunzi niliyaamini. Kisha akaja mama ambaye kamba za sidiria zilikuwa zimemchimba mabegani mifereji ambayo kidole changu kiliingia na kulala humo. Shingo inauma, mgongo unauma, ngozi iliyo chini ya matiti haikauki, ina upele mwaka mzima. Kumpunguza matiti ni lazima au ni anasa? Na mzee ambaye kope za juu zimelegea hadi anainua kidevu ili aone njia? Na mtoto mwenye masikio yaliyochomoza, ambayo yanasikia vizuri kabisa, ila amegoma kwenda shule kwa sababu ya utani? Kwenye karatasi mstari kati ya tiba na urembo umenyooka. Kliniki unapinda.

Viongozi wa dini nao hawasemi kwa sauti moja kama wengi wanavyodhani. Katika Uislamu wanachuoni wengi hutofautisha kati ya kuondoa kasoro au madhara, jambo wanaloliruhusu, na kubadili umbile la Mungu kwa kutafuta uzuri tu, wanalolikataza. Hadithi inayotajwa sana ni ya sahaba Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Aliweka pua ya fedha ikamwozea, na Mtume akamruhusu aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa kawaida ni haramu kwa wanaume. Upande wa Kanisa Katoliki, Papa Pius XII aliwahutubia madaktari wa fani yetu nchini Italia tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 tu kabla ya kufariki, akasema upasuaji wa aina hii si uovu kwa asili yake: upimwe kwa nia ya anayeutaka, kwa hatari yake na kwa mazingira. Mimi si shehe wala padre, na anayetaka fatuwa aende kwa mwenye elimu hiyo. Ninachokiona ni kwamba wote hao wanauliza swali moja ambalo daktari naye anapaswa kuliuliza: unataka hivi kwa nini?

Jibu la watetezi ni fupi: mwili ni wangu. Nalikubali. Mtu akitaka kujichora tatuu au kutoboa masikio hatumwiti kikao. Brazili, daktari Ivo Pitanguy alikwenda mbali zaidi, akashikilia kwamba maskini naye ana haki ya kupendeza, na akaanzisha wodi Rio de Janeiro ya kuwafanyia watu wasio na uwezo. Wapinzani wake wakauliza kama hiyo ni haki au ni njia ya madaktari wachanga kujifunzia kwenye miili ya maskini. Pande zote mbili zina la kusema.

Wapinzani wa kisasa, wengi wao wanawake wanaotetea wanawake, wana hoja nzito zaidi. Wanasema: huyo anayesema mwili ni wangu, macho anayojitazamia ni ya nani? Nani alimfundisha kuichukia pua aliyorithi kwa bibi yake? Siku hizi mgonjwa ananiletea picha yake mwenyewe iliyopitishwa kwenye filta ya simu. Zamani walileta picha ya mwigizaji, na ilikuwa rahisi kumwambia mtu kwamba huyo si wewe. Sasa nimwambieje mtu kwamba huyu wa kwenye simu, mwenye jina lake na macho yake, hayupo duniani?

Ninachofanya ni hiki. Nampa kioo cha mkono na kumwomba anionyeshe kwa ncha ya kidole kinachomsumbua, bila kusema neno. Mwingine anaweka kidole moja kwa moja kwenye nundu iliyo juu ya pua, anaishikilia, basi. Huyo tunaweza kuzungumza. Mwingine kidole kinaanza puani, kinahamia taya, kinapanda shavuni, kinarudi puani, na kioo kinazidi kusogezwa karibu na uso mpaka pumzi inakitia ukungu. Huyo kisu hakitamsaidia. Kuna hali ya akili ambayo humfanya mtu aione dosari ndogo, au isiyokuwepo, kuwa ni ubaya mkubwa, na kuifikiria saa nyingi kila siku. Katika watu 100 inakadiriwa kuwapata 2 hivi, na kwenye kliniki za urembo ni wengi zaidi. Ukimpasua, kwa kawaida hali haipoi. Dosari inahamia kwingine, au pua ileile inaonekana sasa ndiyo imeharibiwa kabisa. Tiba yake ipo, ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia na wakati mwingine ya dawa. Kumwambia hivyo mtu aliyekuja na pesa mkononi ni kazi ngumu kuliko kupasua. Nimetukanwa kwa ajili hiyo.

Sasa hatari. Hapa naona mabishano yetu ya mitaani yanakosea kwa kuviweka vitu vyote kwenye kapu moja, kama vile kuchoma sindano ya Botox, dawa ya kulainisha mikunjo ya uso ambayo nguvu yake huisha baada ya miezi 3 au 4, ni sawa na kuongeza makalio. Si sawa hata kidogo. Katika kuongeza makalio, mafuta hunyonywa tumboni au kiunoni kwa mrija, husafishwa, kisha hudungwa nyuma. Chini ya mafuta ya makalio kuna msuli mnene, na ndani yake mna vena kubwa zinazorudisha damu moyoni. Ncha ya mrija ikizama ikatoboa vena hiyo, mafuta huingia, hupanda hadi moyoni, husukumwa mapafuni na kuziba njia ya damu. Mtu anaweza kufa akiwa bado mezani, na hakuna dawa ya kuyayeyusha mafuta hayo. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 hivi, kiwango kikubwa kuliko cha upasuaji mwingine wowote wa urembo. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuufanya. Siku hizi msimamo wa wataalamu ni kwamba mafuta yasivuke tabaka lililo chini ya ngozi, yasiguse msuli.

Vipandikizi vya matiti, vile vifuko vya silikoni vinavyowekwa ndani ili kuyaongeza, vina mkasa wao. Vya kwanza viliwekwa Houston mwaka 1962. Mwaka 1992 Marekani ilivizuia kwa matumizi ya urembo, ikavirudisha mwaka 2006. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba kampuni ya Ufaransa iitwayo PIP ilikuwa ikijaza vya kwake silikoni ya viwandani, na mwenye kampuni akahukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Hata vilivyo salama si vya maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani inasema hadi mwanamke 1 kati ya 5 walioongeza matiti huviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Yaani unaponunua upasuaji mmoja, huenda umenunua miwili. Na kunyonya mafuta si njia ya kupungua uzito: hutoa mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale yanayozunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo ya kuogopwa, yanabaki palepale.

Kovu nalo halikwepeki. Popote pakatwapo, ngozi huacha alama, na kwa watu wenye ngozi nyeusi alama hiyo huweza kuvimba ikawa keloidi, kubwa kuliko kilichoondolewa. Kama umewahi kuotwa na keloidi baada ya kutoboa sikio, niambie kabla sijashika kalamu ya kukuchora.

Hata sisi madaktari tunagawanyika. Wenzangu wengine husema: ukimkataa wewe, atakwenda kwa mtu wa chumba cha nyuma, achomwe mafuta yasiyojulikana. Ni kweli, wapo, nami nimekata makalio yaliyogeuka mawe na usaha kwa sababu ya silikoni ya majimaji. Lakini hoja hiyo ikiachwa peke yake hakuna ninachoweza kukataa tena. Afadhali masharti. Ufaransa imeweka siku 15 kati ya kupewa makadirio ya gharama na kupasuliwa. Australia, tangu Julai 2023, inataka barua ya rufaa, vikao viwili na siku 7 za kufikiri, na baadaye mwaka huohuo ikazuia daktari asiye na sifa kujiita mpasuaji. Korea Kusini, baada ya visa vya mgonjwa kulazwa usingizi na daktari mmoja kisha akapasuliwa na mwingine asiyemjua, kamera zimekuwa lazima katika vyumba vya upasuaji wa nusukaputi tangu Septemba 2023. England ilipiga marufuku sindano za Botox na za kujazia midomo kwa walio chini ya miaka 18 tangu Oktoba 2021, kama ni kwa urembo tu. Nchi hizo hazikukubaliana kama urembo ni mzuri au mbaya. Zilikubaliana kwamba haraka ni hatari.

Ukiwa umeamua, usiulize bei kwanza. Uliza atakayekupa nusukaputi ni nani na kama atakaa nawe hadi uamke. Uliza usiku wa kwanza nani atakuwa macho, na damu ikivuja au mguu ukivimba kwa damu iliyoganda, utapelekwa wapi. Kama ni nchi nyingine, usipande ndege upesi: baada ya kupasuliwa tumbo au kifua ushauri ni kusubiri angalau siku 10. Sigara iache wiki 4 kabla, usinidanganye, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo na ngozi niliyoivuta na kuishona inaweza kuoza ukingoni.

Kuna mama alikuja na mumewe kutaka kukazwa ngozi ya tumbo. Kila swali nililomuuliza, mume ndiye aliyejibu. Nikamwomba baba atusubiri nje. Mama akatazama mikono yake, hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Yeye ndiye anayelipa." Nikamwambia nafasi yake ipo, haipotei, aende akafikiri. Nilidhani sitamwona tena, na ndani ya nafsi yangu nilishamweka kwenye kundi la waliosukumwa.

Baada ya miezi 7 alirudi peke yake. Nyuma ya kadi ya kliniki alikuwa ameandika maswali 11 kwa kalamu ya risasi. La 3 lilikuwa kama kovu litaonekana akivaa khanga. La 8 lilikuwa kama akitaka kuzaa tena itakuwaje. La mwisho alikuwa amelifuta, akaliandika upya, na hakuniruhusu nilisome. Alilisoma mwenyewe kwa sauti ya chini. Nikamjibu yote 11, na wiki 3 baadaye nikampasua.