Gundi ya freti: kazi yake ni nini, na ipi ya kuchagua

Gundi ya freti ni ile gundi kidogo inayotiwa kwenye mikato ya ubao wa vidole, kabla au baada ya kugonga freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Hapa Unguja fundi aliyezoea udi anaweza kufanya kazi umri wake wote asiihitaji, maana udi hauna freti. Kidole chenyewe ndicho kinachotafuta sauti. Anayetaka kutengeneza gitaa kwa mkono hana pa kukwepea, na akiuliza atapewa majibu yanayogongana. Mmoja atamwambia supagluu, mwengine gundi nyeupe ya seremala, wa tatu atamwambia asitie kitu.

Wote watatu wanaweza kuwa sawa, kwa sababu kinachoishika freti si gundi.

Chukua kipande cha waya wa freti ukitazame kwenye ncha yake. Juu pana kichwa cha mviringo, ndicho kinachogusana na uzi. Chini ya kichwa pana ulimi mwembamba, unene wake kama nusu milimita, na kwenye mbavu za ulimi huo pana vijino vidogo vilivyojitokeza. Mkato wa msumeno huwa na upana wa karibu milimita 0.6. Ulimi unapita, vijino havipiti mpaka vigongwe. Vikishaingia vinauma mbao kwa ndani, na mbao inavibana. Gundi hapo inafanya kazi ya kalafati kwenye jahazi: mbao zimeshikwa na misumari, kalafati inaziba upenyo uliobaki baina yake.

Upenyo huo si wa kudharau. Freti ambayo chini yake pana uwazi hutikisika kidogo sana, hata jicho lisione, lakini uzi unajua: sauti inakufa mapema au inakwaruza. Gonga freti kwa ukucha usikilize. Iliyokaa vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Iliyo wazi chini hutoa mlio wa kitu kitupu. Mafundi wengi hutia gundi kwa ajili ya hilo, na kwa ajili ya kuziba njia ya jasho na unyevu kuingia kwenye mbao.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kutafuta gundi, pima mkato wako. Ingiza kipande cha freti kwa kidole gumba. Kikizama chote bila ya nyundo, mkato ni mpana na vijino havina pa kuuma. Hapo gundi inapewa kazi isiyokuwa yake. Kikigoma kabisa hata kwa nyundo, mkato ni mwembamba, na ukilazimisha freti zote, kila moja inakuwa kabari ndogo. Gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida lina freti 19. Kabari 19 zikisukuma pamoja, shingo inapinda kwa nyuma.

Jambo hilo ndilo linalonifanya niiangalie mara mbili gundi nyeupe, ile ya maji ambayo kila seremala wa Mwanakwerekwe anayo. Ina uzuri wake. Inateleza, kwa hiyo freti inaingia kwa ulaini, na iliyomwagika inafutika kwa kitambaa kibichi. Haishikani na chuma hasa, lakini ikikauka kuzunguka vijino inavifungia humo humo. Tatizo ni maji yake. Mbao inayanywa, inavimba, na mkato uliokuwa sawa unabana zaidi. Tia uzi mwembamba tu wa gundi, si kujaza mkato. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ipe muda mrefu zaidi wa kukauka kabla ya kufunga nyuzi.

Supagluu ni hadithi nyengine. Jina lake la kikemia ni sayanoakrileti. Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, alikutana nayo mwaka 1942 walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakaiacha kwa kuwa ilikuwa inaganda kwenye kila kitu. Madukani ikaingia mwaka 1958. Tafauti na gundi ya maji, hii haisubiri ikauke: unyevu ndio unaoigandisha. Kwa hewa ya kwetu maana yake ni kuwa inashika haraka kuliko maelezo ya kwenye kichupa yanavyosema, na kichupa kikishafunguliwa hakikai muda mrefu, kinakuwa kizito na baadaye jiwe. Kiweke ndani ya kopo linalofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha ndani ya friji. Siku ya kazi kitoe, kiache kipate joto la chumbani, ndipo ufungue. Ukikifungua kikiwa baridi, umande unaingia.

Kuna nyepesi na nzito. Tia tone juu ya kioo utaijua, nyepesi hutawanyika mara moja. Nyepesi ndiyo ya freti. Freti imeshagongwa, unagusisha ncha ya kichupa kwenye ukingo wa ubao, pale ulimi unapoonekana, na tone linavutwa lenyewe ndani ya mkato. Utaliona likikimbia chini ya kichwa cha freti kama wino kwenye karatasi. Uzuri wake na hatari yake ni hapo hapo, maana linakimbia hata usikotaka. Paka nta ya mshumaa pande mbili za freti kwanza, au bandika tepu ya karatasi. Ikitiwa nyingi, mvuke wake hutua juu ya mbao na kuacha ukungu mweupe. Fungua madirisha, mvuke unauma macho. Na usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba: ikikutana na pamba huchemka mpaka ikaunguza. Kazi hii si ya kufanya na kanzu.

Epoksi, ile ya mirija miwili ambayo wengi huiita Araldite, naiweka kwa mikato iliyopanuka tu, kwa mfano gitaa kuukuu ambalo freti zake zimeshatolewa na kurudishwa. Inajaza nafasi kweli na haina maji. Kabla ya kuitia, futa ulimi wa freti kwa spiriti, kwani waya mpya huja na mafuta ya kiwandani. Gundi ya ngozi, inayotokana na ngozi za wanyama na kuchemshwa kwa maji ya moto, ni nzuri kwa mafundi wa udi, kwa sababu kifuniko cha udi kinaweza kufunguliwa tena. Kwa freti, kwenye unyevu wa pwani, sioni sababu ya kujitaabisha nayo.

Freti huisha. Gitaa linalopigwa kila wiki kwenye shughuli litahitaji freti mpya siku moja, na atakayezitoa anaweza kuwa fundi mwengine. Gundi nyeupe na supagluu zote hulegea kwa joto: ukiipitisha pasi ya kulehemu ya fundi redio juu ya freti, gundi inalainika na koleo lenye meno bapa linaiinua polepole bila ya kumenya mbao. Epoksi nayo hulainika ikipata moto wa kutosha, lakini inabisha zaidi, na mara nyingi huondoka na vipande vya ubao.

Mkato ukiwa sawa, mimi hugonga bila ya gundi kwanza, nikasikiliza kwa ukucha, kisha nikatia tone la supagluu nyepesi kila upande. Freti ambayo ncha zake zinainuka siilazimishi kwa gundi. Hiyo haikupindwa vya kutosha kabla ya kugongwa, itolewe ipindwe upya. Na gitaa lililotengenezwa Wete wakati wa masika likipelekwa Dodoma kwenye hewa kavu, ubao utasinyaa, freti hazitasinyaa, na ncha zake zitachomoza na kukwaruza kiganja. Gundi yoyote uliyotia haitazuia hilo. Chukua tupa uzisawazishe.