Hoteli za kuku za Frankenmuth: mengi tunayoambiwa siyo

Ukiangalia picha za Frankenmuth, kale kamji ka Michigan kule Marekani, unaona majengo ya mtindo wa Kijerumani, maua madirishani, wahudumu na magauni yao ya kienyeji, halafu mtu anakwambia ndivyo walivyojenga wahamiaji wa kwanza. Siyo kweli kabisa! Wale wa kwanza walifika 1845, kikundi cha watu 15 tu, Walutheri kutoka Franken, Ujerumani, na hawakuja kufanya biashara, walikuja kuwahubiria Injili Waojibwe, wenyeji asilia wa huko.

Ile sura ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, imekuja majuzi tu, 1959. Ilianzia Bavarian Inn, mgahawa wa kuku ambao zamani ulikuwa hoteli ya Fischer iliyofunguliwa 1888, familia ya Zehnder wakainunua 1950, na miaka tisa baadaye wakaipanua na kuipamba Kibavaria, wakafanya sherehe ya wiki nzima, watu wakafurika, ndo maduka mengine nayo yakaanza kufuata mtindo huohuo mpaka mji mzima ukageuka. Na kingine watu hawakijui, Franken ni kaskazini mwa Bavaria, mbali na milima ya Alps, kwa hiyo zile nyumba za kimilimani siyo hata za kwao wale waanzilishi. Mimi sioni ubaya, mradi tu tusiuite urithi wa 1845.

Sasa vuka barabara uone Zehnder's. Huu ndo mgahawa wa kwanza wa familia, lakini mbele umefanana na Mount Vernon, nyumba ya George Washington, nguzo nyeupe na kila kitu. Hapo wengi wanasema aah hawa ni wapinzani, Mmarekani upande huu Mjerumani upande ule. Wapinzani wapi, ni damu moja! Mzee William Zehnder na mkewe Emilie walinunua hoteli ya zamani wakaifungua upya Siku ya Akina Mama, Mei 1929, miezi mitano tu kabla soko la hisa la New York halijaanguka, hebu fikiria kuanza biashara ya chakula wakati kama ule na bado ikasimama. Baadaye mtoto wao William, wanamwita Tiny, akaenda kuendesha Bavarian Inn upande wa pili wa barabara na mkewe Dorothy aliyesimamia jiko miaka mingi sana, ndugu yake Eddie akabaki Zehnder's.

Halafu kuku. Watu wanadhani ni mapishi ya Ujerumani, kumbe ni kuku wa kukaanga wa Jumapili kama Wamarekani wa vijijini walivyokula, na viazi vya kuponda, supu ya tambi, saladi ya kabichi, vinaletwa mezani kwenye mabakuli makubwa kila mtu anajipakulia. Na siyo Zehnder walioanzisha, Fischer alikuwa anauza kuku hao kabla yao.