Kubadili vipimo vya mng'aro: itafute pai kwanza

Fundi mmoja alinipigia simu akiwa ameshabadilisha taa ya projekta mara mbili. Mwongozo wa viwango ulimtaka apate mng'aro wa futi-lamberti 14 katikati ya skrini, ila mita yake huupima mng'aro kwa kipimo kingine, kandela kwa mita ya mraba (kandela ni kipimo cha ukali wa nuru upande mmoja). Akawaza kama wengi wanavyowaza: mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.764, basi 14 mara 10.764 ni 151. Mita ikawa inamwonyesha 47. Akaweka taa mpya, ikapanda hadi 49, akakata tamaa. Kumbe taa zote zilikuwa nzima. Futi-lamberti 14 ni kandela 48 kwa mita ya mraba, na skrini yake ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno, na kila mara chanzo ni kilekile: pai (π), ile namba ya duara, 3.1416, imesahaulika.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mwangaza ni nuru inayouangukia uso, na tunaupima kwa luksi. Mng'aro ni nuru inayotoka kwenye uso kuja upande wa mtazamaji, na tunaupima kwa kandela kwa mita ya mraba, kipimo ambacho watu wa skrini hukiita niti. Niti moja ni kandela moja kwa mita ya mraba. Hapo hakuna cha kubadili.

Vipimo vya mng'aro vina koo mbili. Ukoo wa kwanza hauna pai, na tofauti kati ya kipimo na kipimo ni ukubwa wa eneo tu. Stilbu ni kandela moja kwa sentimita ya mraba, yaani niti 10,000. Kandela kwa futi ya mraba ni niti 10.764, na kwa inchi ya mraba ni niti 1,550. Kandela yenyewe iliwahi kuegemea kipimo cha aina hii: kuanzia 1948 hadi 1979 ilifasiriwa kwa nuru ya platini inapoganda, ambayo mng'aro wake ulihesabiwa kuwa kandela 60 kwa kila sentimita ya mraba.

Ukoo wa pili una pai ndani yake. Lamberti, futi-lamberti na apostilbu zote ni kandela iliyogawanywa kwa pai, kisha kwa eneo: sentimita ya mraba, futi ya mraba au mita ya mraba. Hivyo lamberti ni niti 3,183, futi-lamberti ni niti 3.426, na apostilbu ni niti 0.318.

Pai imeingiaje? Chukua karatasi nyeupe isiyo na mng'ao wa kioo, uimulike, kisha uitazame kutoka mbele na baadaye kutoka ubavuni. Weupe wake haubadiliki, ila ukiwa ubavuni karatasi inaonekana nyembamba, kwa hiyo nuru inayokwenda upande huo ni kidogo. Nafasi yote iliyo mbele ya karatasi ina steradiani 2π (steradiani ni kipimo cha upana wa pembe ya nafasi), na mtu angetarajia tugawanye kwa 2π. Lakini ule wembamba wa ubavuni, ukijumlishwa pande zote, unakula nusu kamili. Inabaki pai. Karatasi kamilifu, inayorudisha nuru yote, ikipata luksi 100 itakuwa na mng'aro wa niti 31.8. Ikirudisha asilimia 80 tu, zidisha kwa 0.8, utapata niti 25.5.

Waliounda futi-lamberti walitaka kumwondolea fundi hesabu hiyo. Wakaifungia pai ndani ya kipimo, ili uso kamilifu unaopokea futi-kandela moja (kipimo cha mwangaza, sawa na luksi 10.764) uwe na mng'aro wa futi-lamberti moja. Ni wazo zuri, nalipenda hadi leo. Taabu huanza pale mtu anapotoka kwenye kipimo hicho bila kuifungua pai.

Sasa itazame tena ile 151. Ni jibu sahihi la swali jingine! Futi-kandela 14 ni luksi 151, yaani mwangaza unaopaswa kuiangukia skrini kamilifu ili itoe futi-lamberti 14. Yule fundi alipata mwangaza, akauandika mahali pa mng'aro.

Apostilbu utaikuta zaidi kwa wapimaji wa uwanja wa macho, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia; mashine yao humwonyesha mtu madoa ya nuru ndani ya bakuli jeupe. Bakuli hilo huwashwa kwa apostilbu 31.5, namba inayoonekana ya ajabu hadi uigawanye kwa pai: ni niti 10. Hapo jihadhari na desibeli, ambazo hueleza doa limefifishwa kiasi gani. Sifuri yake ni doa kali kuliko yote ambayo mashine inaweza kutoa. Kwenye mashine moja ni apostilbu 1,000, kwenye nyingine 10,000. Desibeli za mashine mbili tofauti hazilinganishwi hivihivi.

Mimi sibebi jedwali. Huuliza mawili tu: kipimo kina pai au hakina, na eneo lake ni lipi. Na sipendi kuona mtu akiandika 47.968. Kumbi za sinema huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa futi-lamberti 3, ambazo ni kama niti 10. Tarakimu tatu baada ya nukta hazina kazi hapo. Andika 48.

Yule fundi nilimwomba aweke mita ya luksi juu ya skrini, ielekee projekta. Ilisoma 140. Skrini kamilifu ingetoa niti 44.6 kwa mwangaza huo, naye alikuwa na 49. Kwa hiyo skrini yake inarudisha nuru ya mbele kwa asilimia 10 zaidi ya karatasi kamilifu, na ziada hiyo inawapunguzia wanaokaa pembeni. Nilimwambia akapime kutoka viti vya mwisho vya ubavuni kabla ya kugusa taa tena.