Homa kushuka si figo kupona

"Homa imeisha, kinga ya mwili imeshinda." Ukikaa kwenye duka la dawa Eastleigh au Kawangware, Nairobi, asubuhi moja tu utaisikia, na mara nyingi msemaji, aliyeandikiwa antibiotiki ya maambukizi ya figo, ana nusu ya dozi mkobani, anamwekea dada yake.

Homa haipimi idadi ya bakteria. Bakteria aitwaye E. coli akipanda kutoka kibofuni hadi figoni, hujinata kwenye seli za mirija ya figo. Seli hizo humtambua kwa ganda lake na kumwaga saitokaini (protini za kupeleka ujumbe mwilini). Saitokaini huita neutrofili (seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria), zinazopenya hadi ndani ya mkojo (ndio ule usaha unaoonekana kwa hadubini), na huuamuru ubongo upandishe joto. Antibiotiki ikiua wengi, saitokaini hupungua na joto hushuka, mara nyingi ndani ya saa 48 hadi 72. Parasetamoli nayo huishusha bila kuua hata bakteria mmoja! Waliobaki hawatoshi kuleta homa, ila wanatosha kuzaana upya. Tena wamejificha pazuri: sehemu ya ndani ya figo ina chumvi nyingi na oksijeni kidogo, na humo neutrofili hufanya kazi kwa kusuasua.

Kwa hiyo ukiandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini miligramu 500, mara mbili kwa siku kwa siku 7, hivyo ni vidonge 14, na vyote ni vyako. Dada naye apimwe mkojo wake, asipewe masalio yako. Na homa isiposhuka baada ya saa 72, usiongeze dawa mwenyewe. Rudi hospitali, huenda bakteria ni sugu, au kuna jiwe au jipu.

Vidonge vya "kuongeza kinga"? Okoa pesa zako. Kinga kali zaidi si lazima iwe heri: makovu ya figo husababishwa kwa sehemu kubwa na neutrofili zenyewe zikimwaga vimeng'enya.

"Nilishaugua, siwezi kuugua tena." Unaweza, na hata kwa E. coli wa aina nyingine kabisa.

"Ni taifodi, Widal (kipimo cha damu cha taifodi) imesema." Widal husema mengi, hata kwa asiye na taifodi. Homa, kutapika na maumivu ya ubavu mmoja vikija pamoja, dai kipimo cha mkojo na uoteshaji (kuotesha bakteria wa mkojo maabara). Jisafishe, mkojo wa kwanza uache upite, pokea ule wa katikati kwenye kichupa safi cha maabara, ufike ndani ya saa 2 au ukae kwenye friji. Fanya hivyo kabla ya kidonge cha kwanza, kwani baadaye huenda kisiote kitu, na daktari abaki kubahatisha dawa.