Panya Wangapi Shambani? Jinsi Idadi ya Wanyama Wasioonekana Inavyokadiriwa

Nyumbu wa Serengeti hupigwa picha kutoka kwenye ndege wakiwa wamekusanyika uwandani, kisha wataalamu huwahesabu katika picha hizo. Njia hiyo haimfai panya shamba, anayeshinda shimoni na kutoka usiku, wala chui, ambaye mtu anaweza kuishi jirani naye miaka mingi asimwone. Kwa wanyama wa namna hii hutumika njia ya kukamata, kutia alama na kukamata tena, na kinachopatikana ni makadirio, si hesabu ya kichwa kwa kichwa.

Mfano wa karibu uko Morogoro, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa wakifuatilia panya shamba tangu mwaka 1994 katika eneo la hekta 3. Mitego 300, ambayo ni visanduku vyepesi vya bati vinavyojifunga mnyama anapokanyaga kibao cha ndani, hupangwa kwa mistari kwa umbali wa mita 10 na kutiwa chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi ya kusaga. Hutegwa usiku tatu mfululizo kila mwezi. Asubuhi kila panya aliyenaswa hupimwa uzito, hutambuliwa jinsia, hutiwa alama yenye namba yake na kuachiwa palepale aliponaswa.

Hesabu yenyewe ni ya uwiano. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba usiku wa kwanza tumewatia alama panya 60, na usiku wa pili tukanasa 50, kati yao 20 wakiwa na alama. Ikiwa sehemu ya wenye alama mtegoni inalingana na sehemu yao shambani, basi tunazidisha 60 kwa 50 na kugawanya kwa 20, tunapata 150. Kanuni hii hutajwa kwa majina ya Petersen, Mdenmaki aliyetia samaki alama katika miaka ya 1890, na Lincoln, Mmarekani aliyeitumia mwaka 1930 kukadiria bata kwa pete zilizorudishwa na wawindaji.

Ugumu haumo katika kugawanya, umo katika lile neno "ikiwa". Panya aliyeonja siagi ya karanga bila kudhurika huweza kuzoea mtego na kurudi kesho yake. Wenye alama watazidi mtegoni, na makadirio yatashuka chini ya idadi halisi. Mnyama aliyeingiwa na hofu akaukwepa mtego huleta kosa la upande wa pili, na alama zikidondoka ni hivyo hivyo, tunadhani wapo wengi kuliko walivyo. Sababu ya kutega usiku zinazofuatana ni kwamba katika muda huo mfupi wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama huwa wachache.

Jambo ambalo, kwa maoni yangu, taarifa kwa umma huliruka mno ni uchache wa wanaonaswa tena. Katika mfano wetu, wangekuwa wawili tu wenye alama, jibu lingekuwa 1,500. Akiongezeka mmoja, linashuka hadi 1,000. Panya mmoja kabadilisha jibu kwa 500! Ndiyo maana makadirio yasiyotajwa pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu hayajakamilika.

Si lazima alama itiwe kwa mkono. Januari 2016, kaskazini mwa Kenya, wananchi walizunguka kwa siku mbili wakiwapiga picha punda milia wa Grevy ubavu wa kulia, kwa kuwa milia ya kila punda ni ya kwake peke yake na haifanani baina ya ubavu na ubavu. Waliopigwa picha siku ya kwanza ndio waliokuwa "wenye alama", programu ya kompyuta ikawatafuta miongoni mwa picha za siku ya pili, na makadirio yakawa punda 2,350. Kisiwani Mafia, papa potwe hutambuliwa kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua.

Kazi ikiendelea miaka mingi, kama Morogoro, dhana ya kwamba hakuna anayezaliwa wala kufa haiwezi kushikiliwa tena. Hapo hutumika kanuni pana zaidi, zilizochapishwa na wanatakwimu Jolly na Seber, kila mmoja kivyake, mwaka 1965, ambazo hukadiria pia ni sehemu gani ya wanyama huvuka salama kutoka mwezi hadi mwezi. Kwa ufuatiliaji wa aina hiyo watafiti waliweza kuonyesha kwamba mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, panya shamba huanza kuzaana mapema na idadi yao huweza kufumuka katika miezi inayofuata, taarifa yenye uzito kwa mkulima ambaye mbegu zake za mahindi hufukuliwa kabla hazijaota.